Mayai ya Watu na Umeme wa Mahakama

Jumatatu, 3 Machi

Ndiyo, nimefilisika. Si umbea, mahakama imeandika na mhuri juu. Mama mkwe kaniuliza kwa simu kama ni ugonjwa unaoambukiza. Nikamwambia unawapata wenye mikopo tu, yeye ale kwa raha.

Nilikopa nikanunua mashine tatu za kutotolesha vifaranga. Mbili zimeshabebwa. Imebaki hii ya chumba cha mbele, na leo nimeijaza mayai — ya watu! Ya majirani, kila mmoja kachora alama yake kwenye ganda. Yanataka joto wiki tatu, usiku na mchana. Umeme ukikatika, yote viza. Na mimi uso wa kupita mtaa huu nitautoa wapi? Benki haina macho. Jirani anayo.

Mke wangu hakulia wala hakunifokea. Kasoma karatasi ya mahakama, kidole mstari kwa mstari. Kapika, kala, kalala. Mimi ndiye niliyekesha nikimtazama. Yule mwanamke ni maji ya mtungini.

Alhamisi, 6 Machi

Koleo kaja. Ndiye mkataji wa kampuni ya umeme, jina alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Ngazi begani, heshima tele, anabisha hodi kama mposaji. Bili zangu za nyuma zimelala miezi.

Nikampa karatasi. Kaisoma, kapiga simu ofisini, kaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha kasema nimepona: kesi ikishaingia mahakamani, hawakati kwa deni la nyuma. Ila niwape pesa ya dhamana kwa umeme nitakaoutumia kuanzia sasa. Mwisho tarehe 24. Isipofika, atarudi, na hatabisha hodi.

Mimi nilisikia "nimepona" tu! Nikawasha redio, feni, taa ya nje mchana kweupe. Mke wangu akapita nyuma yangu akizima kimoja kimoja. Kama mtu anayeokota nguo za mtoto sakafuni.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefukuzwa kwenye foleni. Ya kulipa!

Nilikuwa na pesa ya vifaranga wa mwisho. Nikajisemea, kampuni imeniachia umeme, na mimi niwe muungwana, nipunguze lile deni la zamani. Nimefika karibu na kaunta, naona kola inavutwa. Mke wangu, anahema, kandambili moja imekatika.

"Mume wangu, hilo deni liko kwa hakimu. Ukimlipa mmoja, wengine umewaibia."

Tulipotoka nje ndiyo akanieleza. Kampigia msimamizi, yule wakili aliyewekwa na mahakama juu ya mali zetu. Deni la zamani limefungiwa, halichokonolewi. Ningelipa, ningeiharibu kesi yote, na Koleo angepanda nguzo yake kwa amani. Cha kulipa ni umeme wa leo na wa kesho, basi.

Mimi, niliyewahi kumuuzia mwavuli muuza miavuli, nimeokolewa na mtu aliyekimbia na kandambili moja. Nikambeba? Alikataa. Nilibeba kandambili.

Jumamosi, 15 Machi

Dhamana wanayotaka hatuna. Hata tukijipiga mnada wenyewe.

Mke wangu kasema twende ofisini, mimi niketi na nisifanye mzaha. Niliketi. Nilibanwa na mzaha kama mkojo, lakini niliketi.

Mkuu wa madeni ni mama mmoja wa kiti cha kuzunguka. Kasema wenye biashara wote huweka dhamana, hakuna njia nyingine. Mke wangu kamsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Dada, dhamana unaitaka ili usipoteze. Mimi nikikulipa kila Jumatatu, kabla sijautumia huo umeme, utapoteza nini?"

Kiti kiliacha kuzunguka. Yule mama kasema hana mamlaka, atalipeleka juu, na sisi tuonyeshe kwamba matumizi yetu ni madogo kweli. Nimeona watu wakiuza viwanja, nimeona dalali akiuza kiwanja kimoja mara mbili. Sijawahi kuona kazi safi kama ile.

Jumatano, 19 Machi

Mke wangu kazima friji. Pasi kaificha, tunavaa makunyanzi. Mashine ya mayai kaivisha blanketi letu, kaacha matundu ya hewa tu ili joto lisipotee. Sisi tunajifunika shuka. Nikamuuliza, hivi mume ni mimi au mashine? Kasema mashine haipigi mdomo.

Mita inatembea kama bibi harusi.

Jumapili, 23 Machi

Nimeweka sikio kwenye yai la fundi viatu. Linalia! Kuna kitu mle ndani kinanidai kutoka.

Kutoka juu, jibu hakuna.

Jumatatu, 24 Machi

Koleo yuko hapa. Ngazi kaiegemeza kwenye nguzo. Ofisi imemwambia asubiri simu: akiambiwa kata, anakata. Mke wangu katoka asubuhi, pesa ya wiki kaifunga kwenye pindo, amekaa mbele ya kile kiti cha kuzunguka.

Huku maganda yanapasuka. Wanne wametoka, wamelowa, wabaya kama mimi nikiamka. Wengine wametoboa tu, mdomo nje, wamechoka. Hawa ndio wanaotaka joto zaidi. Nimemwita Koleo aone. Kavua glovu, kachuchumaa. Kisha kasema, "Kaka, leo ngazi yangu nzito sana."

Lakini simu ikimwamuru atapanda. Ana watoto.

Sasa mke wangu, najua daftari hili unalisoma, maana kikohozi changu cha mwezi jana nilikiandika tu, na limau nikaletewa. Basi tufanye biashara. Wakikubali, duka letu hili la vifaranga liwe lako: pesa, funguo, mita. Mimi niwe mdomo wa duka, nisiguse kitu kingine. Wakikataa, tuyalalie mayai sisi. Nusu kifuani kwako, nusu kwangu, blanketi juu, na anayecheka kwanza anapika mwezi mzima.

Simu ya Koleo inalia. Umekubali?