Jairo Niliyoibandika Chini

Baba,

Sijauza. Nianze na hilo, usije ukahangaika bure huko Golbanti tulikokulaza. Helikopta yako ndogo ya rimoti ipo, vifaa vyako vipo, na kibanda chetu cha kutengeneza redio hapa Garsen kiko wazi. Baba mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi kutoka Madogo, mazishi hayajamaliza hata wiki. Akasema mbele ya watu, "Hii kitu imeharibu jina ya ndugu yangu. Na msichana hawezi kukaa na kibanda." Mama aliinama. Mimi sikuinama. Nikamwambia anipe mpaka siku ya kuondoa matanga: isiporuka, achukue vyote. Alicheka, akakubali.

Mdomo wangu unaujua, Baba. Umenigombeza mara ngapi?

Basi nikaketi na jairo, kile kidude kinachouzuia mkia usizunguke ovyo. Nikachomoa waya za mota kubwa, nikaishika helikopta mikononi, nikaigeuza pua kushoto. Visu vya mkia, vile vipanga vya feni ya nyuma, vilitakiwa vipinge. Wapi! Vilijikunja upande wa kuisukuma kulekule. Nikarudia, vilevile.

Hapo nikaikumbuka siku ile uwanjani, ilivyozunguka kama pia ikajibwaga chini, watu wakacheka, eti fundi anataka kufukuza ndege wa mpunga kwa mdoli. Ukasema, "Kosa ni yangu," ukaokota vipande peke yako. Halikuwa lako. Wewe uliibandika jairo juu. Asubuhi ile mimi niliing'oa, nikaibandika chini ya fremu, kichwa chini miguu juu, vumbi la barabara lisiingie. Sikukuambia. Ikikaa hivyo, kulia inakusoma kushoto. Na ulipookota vipande uliiona pale, lazima uliiona. Hukunitaja. Ukaondoka duniani na aibu yangu, Baba, na inaniuma. Nisamehe.

Sikuirudisha juu. Kwa ukaidi tu. Vumbi la Garsen bado ni lilelile, kwa hiyo nimeiacha chini na kugeuza swichi yake ndogo ya mwelekeo. Nikaijaribu tena: nageuza pua kushoto, inapinga, nageuza kulia, inapinga. Nilicheka, halafu nikalia sana.

Siku ya matanga niliwapeleka wote kwenye mpunga wa Mama. Nikaiweka chini, nikaiwasha, nikangoja bila kuigusa mpaka jairo itulie, ulivyonifundisha. Ikapanda, mkia umenyooka. Ndege wakafumka shamba zima, Baba mdogo akashika kofia yake.

Watu walianza kupiga makofi. Ningeweza kunyamaza, Baba, vifaa vilishakuwa vyangu. Lakini nilipoitua nikasema kwa sauti kwamba siku ile fundi hakukosea, aliyekosea ni mimi.

"Kumbe ni wewe uliharibu!" Baba mdogo akaruka.

"Ni mimi niliharibu," nikamwambia, "na ni mimi nimetengeneza. Sasa nipe funguo za kibanda."

Akatazama watu, hakuna aliyemsaidia. Akaingiza mkono mfukoni.

Kwaheri, Baba. Pumzika, kazi niachie mimi. Nitaharibu vingine, hilo najua, maana bado najifunza. Lakini nakuahidi: nikiharibu, nitasema siku hiyohiyo, mteja akiwa amesimama mbele yangu.

Mwanao,
Rehema, fundi