Madirisha ya Yohana

Kanoni, Jumapili jioni, Juni 1951

Lakini kwa nini madirisha yachongoke juu kama ya misheni? Mdogo wangu Yohana ni mnunuzi wa kahawa, si padre.

Leo mama ametoka Rugera kwa dada, kuiona hiyo nyumba ya matofali. Alipofika mlangoni akapiga goti, akafanya ishara ya msalaba.

"Mama, hapa ni kwangu," Yohana akamwambia.

Nilicheka hadi machozi. Wiki nzima sikuwa nimecheka.

Nikamleta mama alale kwangu, kwenye msonge wa marehemu baba, alimotuzalia sote wawili. Nikamtandikia nyasi mbichi, nikampa kahawa ya kutafuna. Akatafuna taratibu, macho kwenye paa.

"Mwanangu, mvua ikinyesha unipeleke kule kanisani."

Nimetoka mara mbili kutazama mawingu.