Sahani ya Karatasi Kwa Mama Ilunga

Jumapili, 15 Julai 2012. Jua linawaka Johannesburg nzima lakini ni la kudanganya macho tu. Vidole vimekufa ganzi, hata kuandika tabu. Moyo, alhamdulillahi, una joto lake.

Leo nilikwenda Kensington kula chakula cha mchana kwa mama yake Ilunga, mchumba wangu. Mama ni fundi cherehani, Mkongo wa Katanga, na alikuwa hajanikubali. Kisa ni masomo yangu. Kwao urani, madini ya nyuklia, ilichimbwa, na hadithi za kutisha amezisikia tangu utotoni. Aliposikia nasomea mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, akaamini nina sumu mwilini na wajukuu hatawaona.

Bukari, yaani ugali wao, na sombe, kisamvu, vikaja kwenye sinia moja la wote. Mimi nikaletewa sahani ya karatasi.

Ya kutupa!

Niliumia, jamani. Nilitaka kubeba mkoba nirudi zangu Braamfontein.

Badala yake nikamweleza. Kwamba mafuta yenyewe sijawahi hata kuyaona. Kazi yangu ni hesabu kwenye kompyuta. Kwamba yakitolewa kwenye kinu cha nyuklia, sehemu kubwa bado inafaa, na ikichambuliwa inaweza kutumika tena kuzalisha umeme.

“Sasa juu ya nini bote habafanyi vile?” akauliza kwa Kiswahili chao cha Katanga, yaani kwa nini wote hawafanyi hivyo.

Hapo sikumficha. Gharama ni kubwa mno. Tena baadhi ya kinachopatikana kinaweza kutengenezewa bomu, kwa hiyo ulinzi hauishi. Na taka hazikwepeki: nchi ikipeleka mafuta yake kuchambuliwa ng'ambo, hurudishiwa pia mabaki yake ikayahifadhi yenyewe.

Mama akacheka hadi akashika mbavu. “Eish! Kumbe na kule chombo hairudiake mutupu!” Kwao, kama kwetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu.

Kisha akaiondoa ile sahani ya karatasi, akanisogezea sinia. “Kula, mwana yangu. Bukari inapola.”

Nilikula mpaka nikaona aibu.

Wakati wa kuondoka akanitilia sombe iliyobaki kwenye sufuria yake yenye michoro ya maua, ile anayowaficha hata wanawe. Ilunga alibaki mdomo wazi. Ndani ya basi nimeipakata kama mtoto mchanga, abiria wakinitazama.

Angekuwa hataki kuniona tena, angenifungia kwenye mfuko wa plastiki. Jumapili ijayo narudisha sufuria ya watu, na tupu haiendi. Sasa nimtilie nini mama mkwe: pilau au vitumbua?