Saini Mbili za Baba Mdogo

Kisangani, 9 Februari 2025

Baba mdogo Mathieu,

Salamu kwako, kwa mama mdogo Bernadette na kwa watoto wote pale mtaani Saio. Mwili wangu ni mzima. Ya moyo usiniulize. Simu zako sitapokea, maana kwenye simu unasema peke yako. Andika.

Ulitusindikiza mpaka uwanja wa ndege ukaniambia, "Ni mazoezi ya juma moja tu, weye na Annie. Usibebe vitu mingi." Nikabeba nguo mbili na viatu vya kuchezea basketi. Jana nikamuuliza katibu wa klabu ya hapa tunarudi siku gani, akacheka. Akatoa karatasi: Chancelle na Annie wanakuja Kisangani, Hélène anakwenda Bunia. Wasichana wawili wa miaka kumi na saba kwa nyota mmoja wa miaka thelathini na tatu. Kwa Annie alisaini mama yake, ambaye ulimwambia ni karatasi ya safari. Kwangu kuna mahali pa rais wa klabu yetu ya Bunia, na saini yako. Chini yake kuna mahali pa mzazi, na saini yako ileile, na mkia wake uleule.

Rais ametaka, mzazi amekubali, na wote wawili ni wewe. Hukuona haya? Hata picha ya marehemu baba imebaki ukutani kwako.

Binti yako,
Chancelle


Bunia, 3 Machi 2025

Binti yangu Chancelle,

Siye hapa tuko, Mungu anasaidia. Natumaini chakula cha huko kinakukubali. Mama yako mdogo anakusalimia. Mimi ameninunia toka barua yako ifike.

Nani amekufundisha kuniandikia hivyo? Kaka yangu Gaspard alipofariki ulikuwa na miaka sita. Nani alikuvalisha viatu vya kwanza vya basketi? Saini ya mzazi ni ya nani kama si yangu?

Nilipima, sikukurupuka. Wewe unaleta pointi saba kila mechi, Annie tano. Zote kumi na mbili. Hélène peke yake ishirini na mbili, video zake zote nimezitazama kwenye simu. Miaka mitatu nawaambia mashabiki wangoje watoto wakomae. Wamechoka, nami nimechoka. Kombe nalitaka mwaka huu, si mwaka ambao wewe utapata akili. Na ningekuambia ukweli, ungelia, na mama yako mdogo angekuficha.

Baba yako mdogo,
Mathieu


Kisangani, 21 Aprili 2025

Baba mdogo,

Habari zenu nimezipata kwa Françoise aliyeleta barua. Nashukuru kwamba mko wazima.

Unasema ulipima. Wewe ni muuza makayabu, samaki wa chumvi, na mimi nimekaa nawe sokoni tangu utoto. Gunia la samaki likifika kutoka ziwani Kasenyi, hulinunui mpaka ulimwage lote chini, kwa sababu wale wazuri wamepangwa juu. Hata la shemeji yako ulilimwaga mbele za watu, akakasirika mwaka mzima. Hélène umemchukua kwa video! Umetazama samaki wa juu tu.

Hapa kila mtu anajua goti lake la kulia. Hapa wanacheza juu ya mbao, chini ya paa, na bado alikuwa anapumzishwa mechi moja kati ya mbili. Wewe umempeleka kwenye saruji. Mimi najua pale karibu na kikapu cha upande wa barabara mpira unakufa, kwa sababu chini pamepasuka. Nimepajifunza kwa kuanguka, toka miaka kumi. Yeye nani alimwonyesha? Wanasema alilia siku ya kuondoka. Naye hakuulizwa.

Umehesabu pointi, hukuhesabu magoti. Inaniuma kwamba mimi nimelijua hilo na wewe mkubwa hukulijua.

Binti yako,
Chancelle


Bunia, 16 Juni 2025

Binti yangu mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Mvua inatusumbua, lakini tunaamka. Annie mnasalimiana?

Nitasema kwa kifupi. Mechi ya tatu mpira ulikufa palepale unapopajua. Hélène akageuka kuufuata, goti likakataa. Sasa anatembea kwa fimbo. Yuko nyumbani kwetu, kwenye kitanda chako, mama yako mdogo anamkanda kwa maji ya moto. Nikipita sokoni watu wananipigia kelele: "Président, Chancelle iko wapi? Ulimupeleka wapi mutoto?" Wanipigia kelele kama vile mimi ni mwizi.

Basi yaishe. Nimeiandikia klabu yako ikuazime kwetu kwa mechi za Julai. Hawajajibu bado, lakini usiwe na wasiwasi, pale kwenye saini ya mzazi nimeshatia.

Baba yako,
Mathieu


Kisangani, 1 Julai 2025

Baba mdogo,

Nisalimie mama mdogo, na dada Hélène. Mwambie asiharakishe kutoka kitandani mwangu, goti lipone kwanza.

Karatasi yako imefika. Umesaini tena mara mbili, na tena hukuniuliza. Tarehe nne Juni nilitimiza miaka kumi na minane. Wewe uliniandikia siku kumi na mbili baadaye na hukukumbuka. Kwa hiyo mahali pa mzazi hapana kazi tena. Karatasi yako nimeikataa, na nimechukua mkataba wa miaka miwili hapahapa. Mkataba huo una saini moja tu. Ni yangu.

Kura ya mechi za Julai imepigwa jana. Tarehe 19 tunacheza na ninyi, Bunia, kwenye saruji yenu. Wenzangu nimewachorea kiwanja chote kwenye daftari, na pale mpira unapokufa nimeweka msalaba. Nakuambia mapema, kwa sababu mimi sitaki kumdanganya mtu: nakuja kuwafunga.

Picha ya baba usimpe mtu ailete. Ilete mwenyewe uwanjani. Nitakuwa upande wa wageni.

Chancelle