Pawa Saplai ya Kaka Twalib

Kaka Twalib,

Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nakwama kwenye salamu. Kukuuliza hali siwezi, na pole naihitaji mimi. Basi nianzie kwenye mashine yako, maana ndiyo iliyonivuruga akili.

Ulipofariki ilikuwa bado inanguruma kule chini, kwenye chumba cha kufulia, ikichimba bitikoini zako, hizo pesa za mtandaoni, kana kwamba hakuna aliyekufa. Watu wa hitima walikuwa waje, wa hapa Manassas na wa Silver Spring, na nyumba yetu unaijua ilivyo ndogo. Nikaizima, nikaihamishia chumbani kwangu, nikatandika mikeka. Wageni walipoondoka nikaichomeka ukutani kwa waya mwingine. Kimya. Hata feni haikuzunguka.

Siku ya pili Mama akasimama mlangoni na leso yake mbichi begani. "Zuhura, mbona mashine ya Twalib imenyamaza?" Nikamwambia itapona. Akawa ananiuliza kila asubuhi, na kila asubuhi namwona amenywea zaidi. Sauti ile aliizoea, Kaka. Ulipokuwa kazini, ndiyo iliyokuwa ikimwambia utarudi. Nikaogopa kwamba ikifa na hiyo, yeye naye ataifuata.

Nikaamua ubaya uko kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa umeme, kwa sababu ndicho nilichowahi kukusikia ukikitukana. Sasa kuchagua kingine. Mimi kazi yangu ni kuwaogesha wazee kule Fairfax, mambo ya wati nayajulia wapi? Mtandaoni huyu anasema hivi, yule vile. Mara aina ya nyaya, mara bodi zote za ndani ya mashine zilishwe na kisanduku kimoja, ukichanganya viwili unaunguza. Nilikuwa nasoma kwenye basi mpaka napitiliza kituo. Aliyenisaidia ni wewe, na maneno yako ya jikoni: "Sufuria ya wali usiijaze mpaka juu. Umeme nao ni hivyo hivyo, uachie nafasi." Mashine inakula wati elfu tatu na ushei, nikachukua cha elfu tatu na mia sita. Nikajiona fundi.

Kikaja. Nikakifunga, nikaichomeka mashine ukutani. Kimya kile kile. Nikalia palepale sakafuni, na nikakukasirikia, nakwambia kweli. Mtu anakufaje bila kuacha hata kikaratasi?

Nikamwita Kamau, jirani yetu fundi wa umeme. Akatazama kisanduku, akatazama ukuta, akataka kucheka akajizuia. "Sister, hii wall ni one-twenty. Hiyo kitu inataka two-forty. Kwani brother yako alikuwa ameiplug wapi?"

Volti mia mbili arubaini. Kaka, kwetu Mombasa kila ukuta una hizo, nani aliwahi kuuliza? Miaka yote hii nimeona soketi za huku zina sura nyingine tu, sikujua kuwa hata umeme wenyewe ni nusu. Kumbe wewe ulichukua ile soketi kubwa ya mashine ya kukaushia nguo. Ndiyo maana Mama alikuwa akianika leso zake mbele ya feni za mashine yako, na mimi nikidhani ni ukaidi wa kizee. Na ni mimi niliyechomoa waya wako mnene nikarudisha ule wa mashine ya nguo, nikijisifu kwamba nasafisha nyumba. Mashine yako haikuharibika. Niliinyamazisha mimi.

Kisanduku chako cha zamani nilikuwa nimekificha chini ya kitanda, kwa sababu kina mwandiko wako: "Zuhura usiguse." Nikakifunga tena hicho, kipya nikakirudisha dukani. Kamau akanisaidia kuibeba mashine mpaka chini, tukaichomeka kwenye ile soketi kubwa kwa waya wako mnene. Ikanguruma.

Nikamwita Mama. Akashuka ngazi polepole, akaweka kiganja kwenye ile hewa ya moto, akakaa hivyo. Nilikuwa nangoja atabasamu. Akasema, "Sasa izime, mwanangu, nimsomee Yasini. Kwa kelele hizi nitamsomeaje?"

Hapo ndipo nilipo, Kaka, sielewi tena. Wiki zote hizo nahangaikia sauti yako kwa ajili yake, nimeipata, yeye anataka kimya. Nikaizima. Safari hii sikuogopa. Au niliogopa, sijui. Nikakaa chini karibu yake, akasoma mpaka mwisho, kisha akanipa leso niianike.

Pumzika, Twalib. Kila Alhamisi alasiri nitaizima Mama akusomee, na akimaliza nitaiwasha leso zikauke. Pale ulipoiweka haitoki tena. Nimeshagusa mara moja, inatosha.

Dada yako,
Zuhura