Breki ya Mkono

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi bado napumua, ingawa saruji tunayobeba hapa imenitia mvi kabla ya wakati wake.

Nimekwenda kwa fundi kuulizia vifaa vya kuigeuza pikipiki yako kubwa iwe ya magurudumu matatu. Ana seti mbili. Ya kwanza ni ekseli ya nyuma na magurudumu yake mawili, basi. Ya pili ni hiyo uliyoitaka wewe, ambayo breki ya nyuma inahamishwa kutoka mguuni kwenda mkononi. Uliniambia ni kwa sababu ya mizigo ya safari ndefu.

Fundi alicheka. "Bwana wee, mzigo unakanyaga breki? Hii huichukua mtu ambaye mguu wa kulia haumsaidii."

Nikacheka naye, lakini moyo ulishtuka. Si wewe uliyesema magurudumu matatu ni ya wazee na waoga? Halafu Mama nikimpigia simu, anasema u mzima kabla sijauliza. Shemeji naye, kila nikitaka kuongea nawe, ati uko bafuni. Huko bafuni umefuga samaki?

Mficha maradhi kifo humuumbua, mdogo wangu, na mimi si mgeni wa kupambiwa nyumba.

Nimeagiza ya breki ya mkono. Ukinijibu, achana na habari za mizigo. Niambie mguu wako wa kulia umepatwa na nini, na kama bado unao.

Ni mimi kaka yako, nisiyepata usingizi.