Msuko Usipinde

Kabondo, Kisangani
9 Septemba 2001

Yaya Assumani, kaka yangu mkubwa,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote huku nyumbani. Natumaini wewe, shemeji Simone na watoto mko wazima huko Nairobi, na kwamba kifua chako hakikusumbui tena kwa ile baridi uliyonieleza. Sisi hatujambo, tukijilinganisha na wengine. Mama siku hizi anaswali amekaa kwa sababu ya magoti, lakini kutugombeza anatugombeza wima. Mke wangu Safi na watoto wanakusalimu. Utanisamehe mwandiko. Meza inacheza, na mimi nimechoka, kila mstari ninaouanza huku unakwenda kuishia kule.

Barua hii anakuletea Mama Kanyere, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeuza vitenge sokoni. Anapita Goma kwa ndege, kisha anakuja huko kununua mali. Pamoja na barua atakupa kopo la maziwa ya unga. Tafadhali usilitikise. Ndani yake, katikati ya pamba na vipande vya kitenge, limo lile gari dogo ulilonitumia. Limekwisha.

Najua umelingoja. Uliniandikia kwamba bwana Édouard, mwenye karakana ya magari madogo ya mfano unakofanya kazi, anatafuta fundi wa kubandika zile ngozi nyembamba kama stika, zenye mchoro wa nyuzi za kaboni zilizosukwa, ili gari dogo lifanane na la mashindano ya kweli. Nafasi ni moja tu, na yule ambaye kazi yake itampendeza atalipiwa safari na karatasi zake zote. Wewe ukamwambia una mdogo wako Kisangani, mchoraji wa majina ya malori, mwenye mkono usiotikisika. Akakupa bodi moja na karatasi moja ya ngozi, bila akiba. Yaya, nimeisoma barua yako mpaka herufi zimefutika kwenye mikunjo. Huku mtu akipata mlango wa kutoka, hata majirani wanaanza kumsalimia kwa heshima.

Mji umechoka. Malori hayaji tena, barabara zimeliwa na msitu, kwa hiyo hakuna lori la kuandikwa jina. Sasa tunabebwa na toleka, zile baiskeli za abiria, na baiskeli haina mahali pa kuandika "Mungu Ni Mkubwa". Ukuta wa jirani bado una tundu la bomu, ameliziba kwa bati, na mvua ikinyesha linapiga kelele hatusikilizani. Anayetulisha ni Safi, kwa kusuka nywele barazani kwetu. Hata vita viwe vipi, wanawake wa Kabondo hawakubali kwenda harusini na kichwa cha hovyo.

Sasa habari za kazi. Ile chupa ya dawa ya kulainishia ngozi uliyoituma haikufika. Kwenye uwanja wa ndege askari aliifungua, akainusa, akafurahi, akaitia mfukoni. Kama aliinywa, Mungu amhurumie na tumbo lake. Nikajaribu lotoko, ile pombe kali ya kienyeji (mama asisikie), kwenye kijipande cha pembeni, ikakiyeyusha chote kikabaki tope jeusi. Kilichokubali mwishoni ni siki ya dukani kwa Papa Nzanzu, ikizimuliwa kwa maji.

Milango haikuwa na shida kubwa kwa sababu imenyooka. Unakata ngozi, unailoweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka iachane na karatasi yake, unaitelezesha mahali pake, unaikausha. Lakini ile boneti, yaya! Ina kinundu katikati na inateremka pande zote. Ngozi ni tambarare, kinundu ni mviringo, basi ngozi inakunjamana. Ukiivuta huku ilale, mistari ya kaboni inapinda kule. Na wewe ulikuwa umeandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake: MSUKO USIPINDE.

Jaribio la kwanza liliharibika. Ngozi ya boneti ilichanika, na kwenye karatasi kilibaki kipande kimoja tu cha ukubwa ule. Niliacha kila kitu mezani nikatoka, nikakaa barazani, ambako Safi alikuwa akimsuka binti wa jirani. Akaniuliza nina nini. Nikamsomea maneno yako. Akatoa kitana mdomoni, akacheka, akasema, "Alors, kama iko musuko, juu ya nini hukuniita?"

Nilidhani ananitania. Lakini alipommaliza yule binti alinawa mikono, akaingia ndani, akalishika gari kwa viganja viwili kama anavyoshika kichwa cha mtoto asiyetulia, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema kichwa nacho hakina hata upande mmoja ulionyooka, na yeye kila siku anakipitishia mistari iliyonyooka. Kwanza unatafuta njia, ule mstari wa kugawia nywele, halafu unaanzia utosini kwenda pembeni. Mimi nilikuwa nimeanzia pembeni. Nimefanya kazi ya mikono tangu utoto wangu, na jambo hilo halikunijia.

Basi kazi ikafanyika hivi. Ngozi ililazwa kwanza juu ya kinundu peke yake, mstari mmoja wa msuko ukikaa sawasawa katikati ya boneti. Siki ikapakwa kwa unyoya wa kuku. Kikafuata kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kikawa kinakandamizwa polepole kuelekea ukingoni, ngozi ikalegea na kujilaza yenyewe. Pale mikunjo ilipokusanyika ilipasuliwa kwa wembe, lakini siyo popote: ilipasuliwa kwenye ufa karibu na taa, ambapo jicho halifiki, jinsi msusi anavyoficha ncha ya nywele chini ya msuko mwingine. Viputo vya hewa vikatobolewa kwa sindano. Watoto walifukuzwa nje wasitikise meza. Hata mama alinyamaza, jambo ambalo hatujaliona tangu baba afariki.

Ilipokauka, mistari ilitoka kwenye kioo ikapanda kinundu, ikashuka hadi kwenye taa bila kuyumba hata kidogo. Nilifurahi, yaya, nilifurahi sana. Kisha nikaingiwa na huzuni ambayo sikuwa na nguvu ya kuificha. Safi aliiona. Akaniambia, "Bon, sasa utaenda. Ukifika kule, utafute docteur wa mukono."

Nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika tangu nianze kuandika. Ile wiki ya mabomu, mwezi wa Juni mwaka jana, nilikuambia nimepata mkwaruzo. Haukuwa mkwaruzo. Kipande cha chuma kilipita kwenye kiwiko changu cha kulia, na tangu hapo vidole vya mkono huo havisikii moto wala baridi, na vikishika kitu kidogo vinatetemeka. Sikutaka usumbuke ukiwa mbali. Halafu barua yako ya kazi ilipofika nikajidanganya kwamba vidole vitaamka. Havikuamka. Ile ngozi ya kwanza ilichanika mkononi mwangu mimi. Na meza yetu haichezi. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo popote niliposema "ikalazwa", "ikapakwa", "ikapasuliwa", wewe soma Safi. Boneti ni yake, paa ni lake, na vile vioo vidogo vya pembeni vilivyo kama punje za maharage ni vyake pia. Yangu ni milango tu, na ukiutazama vizuri mlango wa kushoto utaona kiputo.

Yeye aliyafanya yote ili niende mimi. Anaamini gari hili linakuja kwa jina langu, na sasa hivi ninavyoandika yuko barazani anapunguza suruali yangu ya safari, kwa maana nimekonda. Namtazama na kusema nashindwa. Nikija mimi, bwana Édouard atanigundua siku ya kwanza na wewe utaaibika. Na hata asiponigundua, nitakaaje mbele ya watu nikisifiwa kwa mikono ya mke wangu?

Uliniambia kila fundi wa pale anakwaruza jina lake chini ya gari, kati ya magurudumu. Ligeuze, yaya. Jana Safi alipokwenda sokoni nilichukua ile sindano ya viputo nikaandika kwa mkono huu huu wa kushoto. Herufi zinayumba kama zimekunywa ile lotoko, lakini zinasomeka: SAFI.

Naomba nafasi ile apewe yeye. Akae kwenu, chini ya macho ya shemeji Simone. Watoto nitabaki nao mimi na mama. Pondu, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, nimeshajifunza kuipika kwa mkono mmoja, kuitwanga ndiyo taabu. Usidhani naandika haya kwa moyo mwepesi. Naogopa baraza lisilo na sauti yake. Naogopa kwamba akizoea mji wenye umeme na usio na mabomu hatatamani tena kurudi kwa mtu wa mkono mmoja. Lakini kumwona anazeeka kwenye kigoda kile, na mlango alioufungua kwa mikono yake umefungwa kwa sababu yangu, hilo siliwezi.

Hajui lolote. Nikimwambia mimi atakataa, tutagombana, na mama atajiunga, nawe unajua upande gani. Wewe hajawahi kukukatalia neno.

Basi nisalimie nyumba yako yote, mkubwa kwa mdogo. Mama anakuombea dua, na anasema umsalimie huyo bwana Édouard, ila asikuchoshe. Mkono wangu umelemewa na jua linatoka mezani, kwa hiyo naishia hapa. Ombi langu la mwisho ni dogo. Ukijibu, usiniandikie mimi. Andika jina la Safi juu ya bahasha, nami nitaipokea kwa Mama Kanyere na kumpa mkononi, kama mtu asiyejua kilichomo.

Mdogo wako,
Zuberi